Bi Halo na ripoti iliyoficha vituo kumi

Saa moja kasoro robo asubuhi. Ofisi bado ina harufu ya sabuni ya kudekia, na taa inayowaka ni moja tu, ya mezani kwa Bi Halo. Anasukuma kando kikombe cha chai, anaandika nywila kwa kidole kimoja, kisha anafungua tovuti ya ndani ya kampuni, ambako wafanyakazi wote, kuanzia stoo hadi kwa mkurugenzi, husoma ripoti na kuachiana maoni.

"Hebu tuone leo wanalia nini," anasema, na kucheka peke yake.

Kampuni yake husambaza dawa kwenye vituo vya afya kumi na kimoja. Kazi yake ni kuchota takwimu kwenye hifadhidata, kuzichambua na kuziweka ukurasani kabla lori halijapakiwa saa mbili. Ripoti zake hazina majina ya kiofisi. Moja inaitwa "Nini kitaisha wiki hii?" Nyingine, "Nani hajapokea?"

Maswali hayo aliyatoa kwenye simu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpokea simu wa kampuni hiyo hiyo, na jina la utani la Halo likamganda. Mitambo mipya ilipokuja, meza yake ikaondolewa. Ni mjane wa miaka arobaini na nne, ana mabinti wawili shuleni na mama mzazi anayemtegemea.

"Nilijua ndiyo basi tena," anasema. "Mkuu wa kompyuta akaniita. Akaniambia, dada, wewe ndiye unayejua watu humu wanauliza nini. Kompyuta nitakufundisha mimi. Jamani! Yule baba Mungu amzidishie."

Akapewa mkataba wa majaribio wa miezi sita. Mwezi wa kwanza, akiona tu jedwali kichwa kinamuuma.

Wiki tatu kabla ya mkataba kuamuliwa, akateleza. Muuguzi wa kituo kimoja alimwomba takwimu za kituo chake tu. Bi Halo akafungua "Nini kitaisha wiki hii?", akachuja vituo vingine kumi visionekane, akamjibu. Halafu, badala ya kufunga, akabonyeza kuhifadhi. Ukurasa ni wa pamoja. Kesho yake asubuhi kampuni nzima ikaona kituo kimoja tu kinahitaji dawa.

Lori likaanza kupakiwa insulini ya kituo hicho kimoja.

Aliyeshtuka ni mtunza stoo, mzee wa miaka hamsini na tisa ambaye kompyuta hakutaka hata kuigusa. Yeye ripoti huchapiwa kwenye karatasi.

"Niliigeuza mbele na nyuma," anasimulia. "Kile kituo cha karibu na kiwanda hakimo, na tangu nianze kazi hii hakijapitisha wiki bila kulilia insulini. Nikanyanyua simu. Nikamuuliza, Bi Halo, hao wengine wote wamepona jana?"

"Nikaifungua ripoti mbio, naona kituo kimoja tu," anasema Bi Halo.

Kurekebisha kulichukua nusu dakika. Lori likapakiwa upya, likachelewa dakika arobaini, dawa zikafika kote. Mzee akamwambia yaishe hapo, yeye hana haja ya kumsemea mtu.

Lakini Bi Halo akabaki na swali. Vipi kama kituo fulani kimeshaichapisha ile ripoti mbovu? Akaandika chini yake, mbele ya wote: "Ripoti ya asubuhi ilionyesha kituo kimoja tu. Kosa ni langu, nilihifadhi nilichochuja. Aliyeichapisha aitupe. Aliyetuokoa ni mzee wa stoo."

"Nikabonyeza, nikafumba macho. Nikasema, haya, nimejifukuzisha kazi kwa mkono wangu mwenyewe."

Hadi saa sita mchana maoni yalikuwa ishirini na matatu. Karani wa kituo kimoja aliandika kwamba karatasi ilikuwa imeshabandikwa ukutani, na kwamba alikuwa anajiandaa kumrudisha mgonjwa nyumbani mikono mitupu. "Ahsante, dada. Nimeibandua."

Mkuu wa kompyuta akaifunga ripoti ile isibadilishwe, anayetaka kuchuja achuje nakala yake. Wiki tatu baadaye mkataba ukapitishwa, wa kudumu.

"Aliniambia, 'Nashukuru ulisema kabla sijauliza.' Nikalia mbele yake kama mtoto, wala sioni haya."

Mzee wa stoo anastaafu baada ya miezi saba. Siku hizi, kila mchana, anavuta kiti kando ya Bi Halo, na pembeni ya takwimu za kila kituo wanaandika yale yaliyomo kichwani mwa mzee: hapa barabara hukatika mvua ikinyesha, hapa muuguzi huagiza kidogo kwa kuogopa lawama. Vituo vinne vimekamilika.

"Naomba Mungu anipe muda tu," anasema Bi Halo. "Sitaki mzee aondoke na haya yote, halafu siku nikikosea tena asiwepo mtu wa kunipigia simu."

Mzee anavaa miwani.

"Andika, mwanangu," anasema. "Kituo cha tano."