Albamu Iliyouzwa Kuliko Zote

Mama Kanda, kama wateja walivyomwita, aliuza muziki kwa miaka thelathini na minane katika duka lile lile la mlango wa bati. Asubuhi moja akaja mtangazaji wa redio, akamwuliza ni albamu ipi iliyouzwa zaidi: ya enzi za kanda, ya enzi za sidii, au hizi za sasa zinazosikilizwa kwenye simu.

Mama Kanda alishusha pumzi, akavua miwani.

"Mwanangu, ya kanda iliuzwa mno kwa sababu redio zilikuwa zinakula kanda. Mtu mmoja aliinunua mara tatu. Ya sidii alinunua mmoja, mtaa mzima ukanakili. Na hii ya simu, mjukuu wangu anaiacha inaimba huku yeye anakoroma. Sasa nikupe mshindi gani?"

"Taja moja tu, mama. Wasikilizaji wanasubiri."

Akataja albamu ya marehemu mumewe, iliyouza kanda arobaini, nyingi kwa ndugu. Mtangazaji akaiandika, akashukuru, akaondoka. Mama Kanda akarudi kufuta vumbi kwenye rafu, miguu inamwaka moto, asijue acheke au afunge duka akalale.