Mpunga Wetu Kati ya Nchelenge na Kabuta

Mwaka niliorudi kutoka Katanga, mihogo ya mjomba wangu ilikuwa na majani yaliyokunjamana, na ukiing'oa ulipata mizizi myembamba kama vidole. Mjomba hakuwa amenieleza hayo. Ujumbe alionitumia kwa mchuuzi wa samaki ulisema tu kwamba amezeeka, shamba ni langu, nije. Kwetu mtoto wa dada ndiye mrithi, kwa hiyo sikuwa na la kujadili. Niliacha kazi yangu ya kufyatua na kuchoma matofali mgodini, nikamchukua mke wangu, tukavuka ziwa Mweru na baiskeli moja, masanduku mawili na cherehani.

Mke wangu alizaliwa ng'ambo, upande wa Pweto. Kibemba alikisikia kidogo tu, nami Kiswahili nilikuwa nimekizoea kazini, basi nyumbani tulisema Kiswahili cha Katanga. Mjomba pia alikijua, maana maisha yake yote alibadilishana unga na samaki na watu wa ng'ambo. Ndiyo sababu mambo haya nayakumbuka kwa lugha hiyo, ingawa kijijini kila mtu alisema Kibemba.

Shamba lilikuwa kati ya Nchelenge na Kabuta, mwendo wa saa nzima kutoka kijijini, kwenye mteremko unaoshuka mpaka kijito kinachoingia ziwani. Lilikuwa limepandwa mihogo mwaka baada ya mwaka bila kupumzishwa. Zamani wavuvi walikuja wenyewe kuchukua unga wa mjomba kwa samaki. Msimu ule mke wangu alipeleka kikapu cha unga ufukweni. Wake wa wavuvi waliuchukua kidogo kati ya vidole, wakautazama, wakaenda kwa mwingine. Alirudi na kikapu kimejaa vilevile. Hakulalamika. Alikitua, akashuka mpaka chini kabisa ya shamba, penye majani marefu na matope, akakaa huko mpaka nikaanza kujiuliza kama nimfuate.

"Kule chini ni mahali ya mpunga," alisema aliporudi. "Na bata. Kwetu banafanya vile. Bata banakula wadudu, mpunga inaota."

Mjomba alikuwa ameketi akinoa jembe. Alimjibu bila kuinua kichwa.

"Mpunga ni chakula ya sikukuu, binti yangu. Mutu hashibe mpunga."

"Hatutakula sisi, baba mukwe. Watu ya malori ya samaki batanunua. Na ng'ambo pia."

"Kando ya mto hapalimwi," mjomba alisema. "Iko amri."

Amri ilikuwepo kweli. Korti ya chifu ilikuwa imeitoa kwa ushauri wa boma, yaani ofisi ya serikali: hakuna kulima ndani ya hatua thelathini kutoka kwenye kijito chochote, udongo usije ukachukuliwa na maji. Mjomba aliishika amri hiyo kama alivyozishika nyingine zote, kwa kukaa mbali na mahali zilipohusika. Chini ya mteremko wake palibaki majani matupu, na ndipo palipokuwa na udongo pekee ambao haukuwa umechoka.

Tulipigilia vigingi hata hivyo, kuonyesha mahali ambapo majaruba yangekaa. Haikupita wiki kabla kapaso, tarishi wa chifu, hajafika na baiskeli yake. Alikuwa mtu wa adabu. Alikunywa maji tuliyompa, akahesabu vigingi, akatuambia tufike kortini siku ya Alhamisi.

Karani wa korti alikuwa kijana kuliko mimi, mwenye mwandiko mzuri, na kitabu cha amri alikishika kwa mikono miwili. Alitusomea amri ya kijito kwa Kibemba, kisha, kwa kuwa mke wangu alikuwa amekunja uso, akairudia kwa Kiswahili.

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia, bwana karani. Nauliza tu. Hatua thelathini tunahesabu toka wapi?"

"Toka ku ukingo ya mto."

"Pale petu ni matope. Mvua ikinyesha, maji inapanda mpaka ku mihogo. Jua ikiwaka, mto unabaki kama kamba. Ukingo ni ya mwezi gani?"

Watu waliokuwa kwenye mabenchi walicheka. Karani hakucheka. Alifungua tena kitabu, akasoma kimya, akafunga. Nilidhani amekasirika. Lakini alichukua karatasi, akaandika barua kwa boma kuomba afisa wa kilimo aje aamue, akanipa niipeleke mwenyewe, kwa sababu posta ingechelewa.

"Mpaka ajibu," aliniambia, "vigingi vikae, jembe lisipige."

Kwenda boma na kurudi kulinichukua siku nne kwa baiskeli. Usiku wa kabla sijaondoka, tulipokuwa tunakula, mjomba alisema jambo ambalo sikulitilia maanani wakati ule.

"Ukiita serikali ije kupima shamba, umewaonyesha mahali ya kukaa."

Hakuwa peke yake katika hofu hiyo. Miaka ile ya Federesheni, nchi yetu ilipounganishwa na za jirani chini ya walowezi, kijijini watu waliamini kwamba kila kigingi cha serikali kina muzungu nyuma yake, na kwamba shamba zuri likishaandikwa halirudi. Nilimjibu kwamba shamba letu si zuri, hakuna atakayelitaka. Alisukuma sahani yake kando. Nafikiri jibu langu lilimuumiza zaidi ya kile alichokuwa anakiogopa, kwa kuwa ni yeye aliyelifungua pori lile kwa shoka lake.

Afisa wa kilimo alifika mvua za kwanza zilipokwisha kunyesha. Alikuwa muzungu mwembamba mwenye kaptula na mnyororo wa kupimia. Alihitaji mtu wa kushika upande wa pili, na mke wangu ndiye aliyeushika, akaingia matopeni mpaka magotini. Walizunguka asubuhi nzima bila kuzungumza, kwani hawakuwa na lugha moja. Mwishoni afisa aliniambia kwa Kibemba chake cha kukatika kwamba amri inataja mihogo, mahindi, ulezi na karanga. Mpunga haukutajwa. Mpunga unasimama ndani ya maji na matuta yake yanazuia udongo, kwa hiyo yeye haoni kosa. Sharti lake lilikuwa moja: tuache ukanda wa majani kando ya kijito, upana wa hatua kumi, usiguswe na jembe. Aliyaandika hayo, akatia sahihi juu ya tandiko la baiskeli yangu.

Tulipanda. Mbegu alizituma mama mkwe wangu kutoka ng'ambo, na bata sita wa kwanza walikuja katika mtumbwi uleule, miguu imefungwa. Mpunga uliota vizuri kuliko tulivyostahili, maana mimi sikujua kitu na mke wangu alikuwa akikumbuka kazi aliyoiona akiwa mtoto. Shida ilikuja mashuke yalipoanza kujaa. Ndege walifika kabla ya jua, na sisi tulikuwa tunafika shambani saa moja baada yao. Vicheche nao walikuwa wameshachukua bata wawili. Ikawa lazima mtu alale pale.

Nilijenga chumba kimoja cha miti na udongo, paa la nyasi, na upande mmoja nikawatengea bata. Kwa mazoea tu niliweka mlango, mbao nzuri nilizozikata mwenyewe. Kapaso akarudi.

"Sasa munajenga kijiji yenu?" aliuliza.

"Ni kibanda ya kulinda ndege," nilisema.

Alinieleza amri nyingine, ambayo nilikuwa nimeisahau kwa kukaa Katanga miaka mingi. Watu wote walitakiwa kukaa katika kijiji kilichoandikwa, nyumba zikiwa kwenye mistari, ili serikali iwaone na kuwahesabu. Kibanda cha shamba kiliruhusiwa wakati wa mavuno. Nyumba nje ya kijiji haikuruhusiwa.

"Na kibanda na nyumba, tofauti yake nini?" mke wangu aliuliza.

Kapaso alifikiri kwa uaminifu. Alilizunguka jengo letu, akaupigapiga ukuta.

"Nyumba iko na mulango," alisema.

Mke wangu aliingia ndani, akatoa nguo na sufuria zilizokuwa zimeegemea mlango, akaniambia nilete nyundo. Niling'oa mlango kapaso akiwa anatazama. Aliandika katika daftari lake kwamba ameona kibanda, akatuaga vizuri, akapanda baiskeli. Tulicheka sana baada ya yeye kuondoka. Mke wangu alicheka mpaka akaketi chini.

Mjomba aliposikia kwamba mke wangu, ambaye wakati huo alikuwa na mimba ya miezi mitano, analala mahali pasipo na mlango karibu na njia ya viboko, alikuja siku ileile na mkeka wake na mkuki. Hakushauriana na mtu. Alitandika mkeka pale mlango ulipokuwa, akalala hapo. Mke wangu alimkatalia, kwani kwa desturi yetu mkwe hapaswi kulala karibu hivyo na mke wa mpwa wake. Mjomba alimjibu kwamba yeye amelala nje, wao wamelala ndani, heshima iko mahali pake.

Alilala pale wiki tano. Mchana alipiga debe kufukuza ndege, na nadhani aliupenda mpunga mwishoni, ingawa hakusema. Nilimwona mara moja akivunja shuke, akilipekecha mkononi, akipuliza makapi, akitafuna punje mbichi taratibu. Aliponiona alitema.

Mwezi wa sita baridi ilikuja kutoka ziwani na upepo. Alianza kukohoa. Nilimwambia arudi kijijini, akasema mavuno yamebaki siku chache. Nilimwambia mara ya pili, si kwa nguvu. Hilo nalikiri. Tulihitaji mikono, na yeye alikuwa akifanya kazi ya watu wawili. Tulipomaliza kukata jaruba la mwisho, hakuweza kutembea. Nilimpakia kwenye baiskeli na kumsukuma mpaka zahanati ya misheni, mke wangu akimshikilia kwa nyuma. Alikaa huko siku tatu, kifua kikamshinda.

Kwenye maziko hakuna aliyenilaumu kwa maneno. Dada yake mkubwa, ambaye kwangu ni mama mkubwa, alinitazama na kuuliza swali moja tu.

"Mlango ulikuwa wapi?"

Nilimwambia ulikuwa umeegemezwa nyuma ya kibanda.

Tungeweza kulalamika kortini juu ya amri ile ya mlango, kuandika barua kwa boma. Sikufanya hivyo. Kapaso alikuwa amesema alichojua, na mimi ndiye niliyeshika nyundo. Karani alikuja kwenye matanga na kukaa na wanaume siku nzima, jambo ambalo hakulazimika kulifanya.

Afisa wa kilimo alipita baada ya mavuno kutazama ukanda wa majani. Aliukuta haujaguswa, akafurahi. Nilimweleza habari ya kibanda na ya mjomba. Alisikiliza, akavua kofia. Kisha akasema kwamba kuna mpango mpya kwa wakulima wanaochanganya mazao. Mkulima akikubaliwa, anaruhusiwa kukaa shambani kwake na familia yake, kijijini likabaki jina lake tu katika daftari. Masharti aliyataja moja baada ya jingine: nyumba ya matofali ya kuchoma, madirisha mawili, mlango wa mbao, choo umbali fulani kutoka kijitoni, ramani itakayopitishwa na korti na boma.

Nilimwomba arudie sharti la mlango. Alirudia, akidhani sikumsikia.

Ramani niliichora mimi, mke wangu akinisahihisha. Korti iliirudisha mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu choo kilikuwa karibu na maji, mara ya pili kwa sababu sikuonyesha kaskazini. Nilifyatua matofali kwa udongo wa kichuguu na kuyachoma mwenyewe. Wakati huo mtoto wetu alikuwa ameshazaliwa, msichana.

Majirani hawakuja kusaidia. Baadhi yao walisema tumejiuza kwa serikali, na siku moja tulikuta vigingi vyote vya ramani vimeng'olewa na kupangwa vizuri kando ya njia, bila hata kimoja kuvunjika. Nilivirudisha. Havikung'olewa tena. Miaka miwili baadaye, wawili kati ya majirani hao walinijia, kila mmoja kwa wakati wake, kuniuliza karani anataka ramani ya namna gani, nami niliwaonyesha jinsi ya kuchora kaskazini.

Mihogo tuliipumzisha, tukapanda karanga juu, mpunga chini, na bata wakafika arobaini. Wachuuzi wa samaki wenye baiskeli walianza kusimama kwetu kununua mayai. Malori yalichukua mchele, ila si kila mwaka. Mwaka mmoja viboko walikula nusu ya majaruba. Mwaka mwingine ziwa lilipanda, maji yakakaa juu ya mpunga mpaka ukaoza, na karanga ndizo zilizotulisha. Hatukutajirika, lakini hatukurudi na kikapu kilichojaa kutoka ufukweni.

Mama mkwe wangu alivuka kuja kumwona mjukuu. Alizunguka nyumba yote, akasukuma madirisha. Mke wangu alimpikia mchele wetu na bata. Mama alikula, akanawa mikono, akauliza tunaupika kwa maji kiasi gani.

"Ya kufunika vidole," mke wangu alisema.

"Ni mengi," mama alisema, akalala, na kesho yake asubuhi akawasha moto na kupima maji ya mchele yeye mwenyewe.