Fundi Aliyeitwa Mwizi

Tangu juzi, kompyuta yangu ilipotoa harufu ya vumbi lililoungua, ile ile ya utotoni mwangu, sikupata usingizi. Nilijiuliza: nikimwambia mama sasa, nitakuwa nimetubu, au nitakuwa nimemtwika tu mzigo wangu?

Mama alikuwa akiwachapia watu barua, Msambweni. Mimi, wakati huo mtoto mdogo, nilipenda kuipamba kompyuta kwa kitambaa chake cha kufuma. Siku moja kiliziba matundu ya hewa, mashine ikawa inazimika kila ikiwashwa. Mama akamwita fundi aliyekuwa ameifungua jana yake.

"Kipande kizuri cha ndani umekitia mfukoni?" akamuuliza.

"Wallahi, mama, sikuchukua hata skrubu. Hili ni joto. Hakuna kilichoiziba?"

Mama akanitazama.

"Hakuna," nikasema. Kitambaa nilikuwa nimekikalia, kingali na moto.

Ilipopoa, ikawaka. Mama akasema fundi amekirudisha kipande kwa hofu, akawaeleza majirani. Wateja wakamkimbia fundi, naye akahamia Kombani.

Leo asubuhi nilimweleza mama yote. Akaniambia nimletee buibui lake, twende Kombani. Tukaenda.