Kisiwa cha Kwenye Kisanduku

Shangazi yangu ni mchora ramani wa serikali. Kazi ya kukaa, ila yeye na kiti hawaivi chungu kimoja: hunoa penseli akizunguka meza, hunywa chai amesimama mlangoni. Mimi niliyeiacha diploma ya upimaji njiani sina mdomo wa kumsema, lakini wiki ile alizidi.

Mama yake, yaani bibi yangu, anaishi kisiwa cha mwisho kabisa cha nchi yetu. Macho yake yote mawili yameingia mtoto wa jicho. Meli ya madaktari hufika kule mara moja kwa mwaka, na bibi alishatuma salamu: "Bila mwanangu kunishika mkono, hakuna wa kunigusa jicho."

Shangazi akaomba likizo ya wiki mbili. Jibu likaja siku yenyewe ya safari, meli inang'oa nanga saa tisa mchana: amepewa siku tatu.

Nilikuwa nimempelekea begi ofisini. Akaingia kwa mkuu mpya bila kubisha hodi.

"Mkuu, hizo siku tatu zikiisha nitakuwa bado natapika baharini."

"Mama, usinifanye mtoto." Mkuu akagonga ramani ukutani. "Si hiki hapa? Chini ya mji mkuu, pua na mdomo."

Kumbe! Kisiwa kimewekwa ndani ya kisanduku kwenye pembe ya ramani. Na aliyekichora kisanduku ni shangazi mwenyewe.

"Nilikibana hapo kwa kukosa karatasi; mahali pake ni nje kabisa ya ramani. Shika!" Akamshikisha ncha ya utepe wa kupimia juu ya mji mkuu. "Sentimita moja, kilomita mbili. Usiachie."

Akaanza kwenda kinyumenyume na utepe. Akapita kabati la mafaili, akatoka mlangoni, akavuka korido. Mita nne na nusu. Akatia nukta kwenye mlango wa choo.

"Mama yangu anakaa hapa!"

"Na sisi kutwa tunamgongea," akasema mpika chai.

Mkuu akachungulia, kidole bado kwenye mji mkuu. "Sasa mbona hamkuandika kwamba kiko mbali hivi?"

"Tumeandika. Herufi za sisimizi."

Mkuu akasaini wiki mbili. Tulifika gatini tukihema kama mbwa.

Siku ya tano shangazi akapiga simu, nyayo zake zikienda na kurudi kwenye sakafu ya mbao. Bibi amepasuliwa macho, na bandeji imefunguliwa.

"Bibi kasemaje?"

"Kanitazama weee, halafu ananiambia nimezeeka."

"Ukamjibu nini?"

"Nimjibu nini? Si kaona!"