Swali Lililofupishwa

Mama Maswali, jina alilobandikwa na watoto wa mtaa, hakujua kutulia. Hata chai aliinywa kasimama, kishikwambi kwapani, jicho mlangoni. Wiki nzima alikuwa akibisha hodi kwa ajili ya utafiti wa afya wa taifa: nani anavuta sigara, nani anakunywa pombe, nani ana maradhi gani. Zahanati mpya zingejengwa kufuata hesabu hizo.

Nyumba ya mwisho bondeni ilikuwa ya bibi mmoja mcheshi. Alipoulizwa kama anafanya mazoezi alicheka mpaka akakohoa. "Na haya madumu ya maji, unadhani nayabeba kwa raha?"

"Haya bibi. Na sukari unayo?"

Bibi akajizoazoa, akaingia ndani, akarudi na kikombe cha sukari. "Chukua, mwanangu. Usione haya, sote huishiwa."

Mama Maswali akaangua kicheko, kikamkatikia kooni. Masalale! Kumbe ndiyo maana watu walikuwa wakijibu "sina"!

Kule mlimani, kwenye nyumba za mageti, alilisoma swali lote kama lilivyoandikwa: je, umewahi kuambiwa na mhudumu wa afya kwamba una ugonjwa wa kisukari? Wakubwa wale, nani athubutu kuwafupishia swali! Wakapatikana wagonjwa kumi na tisa. Huku bondeni alikokulia, aliona mlolongo wote huo wa nini, watu wanajuana. "Sukari unayo?" "Sina." Nyumba karibu sitini, mgonjwa hata wa dawa hakuna. Na jana tu msimamizi alimmwagia sifa kwa kazi ya haraka.

Akamuuliza bibi upya, kwa kirefu. Bibi hakuwa na ugonjwa huo. Akatoka mbio, akampigia msimamizi huku anatembea.

"Hesabu zinafungwa kesho saa sita," msimamizi akasema. "Ukisema umeharibu bonde zima, kibarua kimeota nyasi. Nyamaza tu, mama."

"Na zahanati?"

"Itakwenda walikoonekana wagonjwa."

Mama Maswali akakata simu. Hofu ilimshika, lakini akaanza kuzirudia nyumba zote za bondeni. Mlango wa kwanza ulikuwa wa fundi viatu, mguu wake umefungwa kitambaa. Akamsomea swali lote, neno kwa neno.

Fundi akaweka sindano chini. "Ndiyo. Mwaka wa tatu huu. Kidonda hakiponi, kliniki iko mlimani, na kwa mguu huu sifiki." Akamkazia macho. "Juzi ulinirushia swali huku unaangalia saa. Nikajua unataka ya chai."

"Nisamehe, kaka yangu."

"Andika kwanza."

Akaandika ndiyo, akatuma hapo hapo, kabla woga haujamrudia.

"Na wengine je?" fundi akauliza. "Ni wangapi uliowaandika wazima?"

Mama Maswali akakaa chini, pale pale kizingitini.

"Wote," akasema.