Mama Alinisindikiza Kwenye Mazoezi ya Usaili

Nilipoitwa kwenye usaili wa chuo kimoja cha biashara Dar es Salaam, mama aliuliza, "Chuo gani kinakuhoji kabla hakijakufundisha?" Mama analima mdalasini Kinole, na hamwamini mgeni yeyote anayeshuka kwenye gari akitabasamu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiuteremsha mdalasini wetu kuuza Morogoro mjini, na kwa wasiwasi nimemrithi.

Kwa hiyo mwanamke nisiyemjua aliponipigia simu, akasema alisoma chuo hicho na anajitolea kuwaandaa waombaji, sote wawili tulishtuka.

"Namba yako kaitoa wapi?" mama aliuliza.

"Anasema chuo kimempa."

"Na yeye anapata nini?"

"Hapati kitu."

Mama akaweka chini kisu alichokuwa akimenyea mdalasini. "Basi tutakwenda wote."

Yule dada alikuwa anakaa Kilakala, Morogoro mjini. Alimwamkia mama kwa adabu, akatuletea chai. Mama aliitikia "Marahaba," kisha hakukigusa kikombe. Alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani. Mimi nami nilikuwa nimeficha simu yangu ikirekodi, lolote likitokea niwe na ushahidi.

"Kwa nini unataka kusoma biashara?" dada aliniuliza.

Nilikuwa nimekariri. Nikatiririka kuhusu fursa, ubunifu na mnyororo wa thamani. Alinisikiliza huku amekunja uso.

"Nani kakuandikia hayo?"

"Ni yangu."

"Sikuamini."

Damu ilinipanda usoni. Muda wote nilikuwa namchunguza yeye, kumbe naye ananichunguza mimi. Nilimgeukia mama nikitarajia atanitetea.

"Hata mimi simwamini," mama alisema. "Nyumbani sijawahi kumsikia anaongea hivyo. Huo mnyororo ni wa nini?"

Nilitamani kuondoka, lakini mama ndiye aliyekuwa mlangoni.

"Basi niambie," dada alisema kwa upole, "ni nini hasa kilichokuingiza kwenye biashara?"

Nikamweleza ukweli. Tulikuwa na mnunuzi aliyepanda Kinole kila msimu, na kila msimu alituambia bei imeanguka mjini. Watu walimwonea huruma. Mimi nilimshuku. Siku moja nilishuka, nikazunguka sokoni nikijifanya mteja, nikakuta bei haijaanguka hata kidogo. Tangu hapo mzigo wetu naupeleka mwenyewe, na wa majirani pia. Lakini wanunuzi wakubwa wa Dar wananizungusha kwa mikataba nisiyoielewa, na nimechoka kuzungushwa.

"Hilo ndilo ukaliseme," dada alisema.

Tulirudia mpaka alasiri. Njiani nilimuuliza mama anamwonaje sasa.

"Anauliza vizuri," alijibu. "Lakini bado sijajua anataka nini."

Kwenye usaili jopo lilikuwa la watu watatu. Mmoja aliniuliza kama ninawaamini wateja wangu. Nikamwambia nawaamini baada ya kuwahakiki. Akacheka, akaandika kitu, nami nikakesha nikiwaza kaandika nini.

Nilichaguliwa. Barua ya chuo ilipofika, mama aliniambia kwanza nikiulize chuo ni nani hasa aliyeisaini, kisha akaanza kuniuliza nguo zipi nitafungasha.