Koti Lililogeuzwa

Ukimuulizia Haruni fundi pale Bulyaga, mjini Tukuyu, watu walicheka kwanza ndipo wakakuelekeza. Walicheka kwa sababu karibu kila nyumba ilikuwa na nguo yake iliyosahauliwa ukutani kwa Haruni. Kupandisha pindo alitoza shilingi mia tano, kutia zipu elfu moja, na kwa mjane au mwanafunzi alisema tu, "Niombee dua." Sasa nguo iliyoshonwa kwa dua nani ataikimbilia? Aliyempa fundi wa stendi elfu tano alikaa mlangoni kwake tangu asubuhi akiisubiri suruali yake. Aliyelipa dua alipita barabarani mwezi wa tatu, wa nne, akipunga mkono: "Fundi, naja kuchukua ile suruali!"

Binti yake Safina alikuwa akiona haya.

"Baba, pandisha bei. Watu wanakudharau."

"Wanadharau suruali zao," alijibu Haruni bila kuinua macho kwenye cherehani. "Mimi wananipungia mkono."

Kazi aliyoipenda kuliko zote siku hizi wengi hawaijui. Ni kugeuza koti. Unachukua koti zito la mtumba, lililopauka kwa nje, unalifumua lote mpaka linabaki vipande mezani, unageuza upande wa ndani ambao haujaona jua, kisha unalishona upya. Likiisha linakuwa jipya. Lakini hapo nalo linabadilika upande: mfuko wa kifua uliokuwa kushoto unahamia kulia, na matundu ya vifungo vilevile. Koti la kiume linakuwa la kike.

Safina alipopata ukarani katika duka la pembejeo, Haruni alimgeuzia koti la sufu, rangi ya majivu. Kazi hiyo ilimchukua mvua zote za Aprili. Kufumua uzi wa majivu kwenye kitambaa cha majivu, kwa macho ya mzee wa miaka sabini, ni sawa na kutafuta unywele kwenye ukungu. Mkewe Rahima alimwambia aache, atapofuka. Haruni akacheka: "Tazama, mama Safina, limejigeuza la kike lenyewe. Mungu kalikusudia mtoto."

Safina alishukuru, akalivaa siku mbili. Siku ya tatu mwenzake wa kazini akamuuliza, "Shoga, mbona mfuko wa kifua uko upande wa kula ugali?" Ofisi nzima ikacheka. Mwisho wa mwezi Safina alipanda gari hadi Mbeya akanunua jaketi dukani, elfu themanini na tano, karibu nusu ya mshahara. Zipu yake ilikatika wiki ya pili. Hata hivyo alilipenda. Alilitundika kwenye henga, akalifunika na kanga, na mvua ikianza kunyesha alilivua akalikumbatia lisilowe, yeye akalowa.

Zipu ile alimpelekea nani akamtilie? Baba yake. Haruni alilipokea lile jaketi, akalipapasa kitambaa, akasema, "Zuri." Jioni lilikuwa tayari, na hakutaka senti.

Koti la sufu likawa la kufunikia gunia la mkaa. Baadaye Safina alilikung'uta, akalikunja kama tambara, akampa Muddy, kijana auzaye mitumba sokoni, akapewa elfu mbili. Alinunua vocha.

Mwaka huu baridi ya Juni ilipoingia, Haruni alishikwa na kifua. Siku ya Alhamisi, alasiri, Safina alikuwa akimnywesha uji. Mzee akamshika mkono, akauona umepoa.

"Safina, lile koti lipo?"

"Lipo, baba."

"Livae basi. Kuna baridi."

Ijumaa baada ya swala tukamzika. Mwenyezi Mungu amrehemu, na aipanue nafasi yake.

Watu walilia sana, hata wale wa suruali. Lakini Safina alikuwa na kilio cha peke yake. Neno lile "lipo" lilikuwa neno la mwisho alilomwambia baba yake, nalo lilikuwa uongo. Alisali, akaomba toba, akafunga Jumatatu na Alhamisi, moyo haukutulia. Alitaka kitu kimoja tu: koti lile lirudi nyumbani kabla ya arobaini, ili akisimama kumwombea baba yake awe amelivaa.

Alimkuta Muddy juu ya rundo lake la sweta.

"Lile la majivu? Dada, lile liliondoka siku ileile! Nililishonea lebo ya Ulaya. Nguo bila lebo ni yatima. Nikalitundika juu kabisa, nikasema gredi ya kwanza, elfu arobaini na tano, sipunguzi. Mama mmoja wa Kawetele akauza maharage yake akaja kulichukua. Atuganile, yule wa kwaya."

"Uliuza elfu arobaini na tano kitu nilichokupa kwa elfu mbili?"

"We mwenyewe uliniambia nikupe yoyote."

Safina akamuuliza njia ya kwenda kwa Atuganile.

Jumapili mchana alipanda bodaboda mpaka Kawetele. Aliyepokea hodi alikuwa mama wa makamo, ametoka kanisani muda si mrefu, na amevaa koti. Limepigwa pasi, vifungo vyote sita vimefungwa, mfuko uko kulia. Safina alilitazama kutoka kola hadi pindo. Tangu lishonwe hakuwahi kuliona zuri hivyo.

"Ndaga, mwanangu, asante kwa kuja, karibu ndani. Ngoja nivue hili kwanza, hili silikalii." Atuganile akalitundika, akalivisha mfuko wa nailoni. "Limetoka Ulaya. Tangu nilinunue sijawahi kupika nalo wala kubeba mtoto nalo. Mchungaji mwenyewe aliliulizia."

Safina akasema amekuja kulinunua, atatoa elfu arobaini na tano zilezile. Mama akacheka. Safina akasema hamsini. Sitini.

"Gwe, wewe! Hata laki sitaki. Nguo kama hii Tukuyu nzima haipo. Huoni hata mfuko wameuweka tofauti? Wazungu hao."

Hapo machozi yakamtoka Safina, na maneno yakafuata kabla hajayapima. "Mama, mfuko huo uko kulia kwa sababu koti limegeuzwa. Limegeuzwa Bulyaga. Amelishona baba yangu, Haruni fundi. Tumemzika wiki tatu zilizopita."

Atuganile alimtazama, akalitazama koti. Akalitoa kwenye nailoni, akafunua bitana, akaona mahali penye alama za mshono wa zamani. Lebo aliivuta kwa kucha mbili tu, ikatoka.

"Haruni yule wa zipu za elfu moja?"

"Ndiye."

"Kumbe!" Akakaa kitini taratibu, na koti likakaa chini ya mapaja yake. "Miezi yote hii naogopa hata kupiga chafya. Kumbe la hapo Bulyaga!" Kisha huruma ikamshika, maana alikuwa mtu wa Mungu. "Pole na msiba, mwanangu. Lichukue. Nipe elfu tano."

"Hapana, mama. Nina sitini hapa."

"Za nini?"

"Ndiyo bei yake."

"Bei yake wapi! Elfu sitini kwa koti la kugeuza? Nitamwambia nini Mungu? Tano inatosha."

"Basi arobaini na tano ulizotoa, usipate hasara."

"Aliyeniibia ni kijana wa sokoni, siyo wewe. Tano."

"Thelathini, mama, nakuomba."

"Ukiendelea nitakupa bure."

Neno "bure" lilimtisha Safina. Alihesabu elfu tano, akaweka mezani. Alikuwa amekuja na mshahara wake mkononi ili kwa mara ya kwanza alilipe lile koti, na hakuna aliyetaka kupokea. Na aliyelishusha bei ni yeye tena, kwa kinywa chake, kwa kumtaja baba yake. Saa moja kabla ya hapo kazi ya Haruni ilikuwa ikiimba kwaya mstari wa mbele.

Atuganile alilikunjakunja koti, akalisukumia kwenye kiroba. Safina alitaka kumwambia, taratibu, lakini angesemaje, yeye? Mama akatoka nyuma, akarudi na chane ya ndizi aliyoikata sasa hivi, akaitumbukiza juu yake. "Ya rambirambi. Mpelekee mama yako." Rambirambi hairudishwi. Safina akapokea kwa mikono miwili.

Kila mtu wilayani Rungwe anajua utomvu wa ndizi. Kwenye kona ya kwanza Safina alimsimamisha dereva, akazitoa ndizi, lakini kola ilikwisha kunywa. Alipofika nyumbani mabaka yalikuwa yameanza kugeuka kahawia.

Rahima alilipeleka koti dirishani penye mwanga. Hakuuliza lilikuwa wapi. Alipitisha kidole kwenye mshono wa bega, polepole, mpaka kwenye baka.

"Utomvu hautoki," alisema. "Na kugeuzwa limeshageuzwa. Nguo ina pande mbili tu."

Safina akalivaa. Mikono ilimtosha sawasawa. Mzee alikuwa amempima kwa macho. Alikunja mikono yake akatawadha, akafunga vifungo vyote, na swala ya alasiri akaiswali nalo, baka likiwa bichi shingoni.